Siku Arobaini na Moja za Mzee Genpachi

Wasomaji watukufu, mnaalikwa kushuhudia siku nzito kuliko zote katika historia ya Ubingwa wa Bahari ya Ndani: mkanda wa mieleka uliozunguka viuno vya wanaume kumi na tisa, ukanyweshwa jasho lao, ukaliliwa na watu wazima mbele ya wake zao. Msimulizi wenu hana upande. Hana undugu na yeyote. Aliona yote na hakugusa kitu. Simameni, vueni kofia.

Haya, kaeni. Ilianzia stoo, na jambazi mkuu alikuwa anatafuta meno yake.

SAA 5:40 ASUBUHI

"Yamo kwenye gilasi, Babu," Nagisa alisema. "Pembeni ya mchuzi."

Mzee Iwamuro Genpachi aliyatoa, akayakung'uta, akayavaa. Umri sabini na tatu. Shingo bado nene kama gogo. Masikio yalikuwa yamevimba na kujikunja, alama ya mtu aliyepigana mieleka tangu ujana. Sasa alikuwa anapika udon, tambi nene za ngano, kwenye duka la viti tisa mjini Takamatsu. Stoo ilijaa magunia ya unga. Mlango ulikuwa umefungwa. Dukani walitundika kibao: LEO HATUUZI.

Walikuwa watatu. Mzee. Mjukuu wake Nagisa, miaka kumi na saba, aliyerudi likizo kutoka shule ya bweni ya Kyoto na akili nyingi kuliko adabu. Na Daigo, dereva wa lori, mwili kama friji, moyo kama kifaranga.

Mzee alimwaga unga kwenye ubao wa kukandia. Akachora ramani kwa kidole.

"Ukumbi. Ulingo huu hapa. Huku nyuma, korido. Hiki ni chumba cha Mwenyekiti Tokunaga. Mkanda umo humo, ndani ya sanduku, juu kuna kitambaa cha zambarau."

"Kwa nini hauko kwa bingwa?" Daigo aliuliza.

"Bingwa kavunjika goti. Kiti kiko wazi. Leo wanagombea wawili, na atakayeshinda ndiye wa mwisho. Kesho mkanda unapelekwa Tokyo, unafungiwa kwenye kabati la kioo. Ukutani watabandika majina yote ya mabingwa." Alipangusa unga kidoleni. "Yote kumi na tisa, na wa leo akiwemo."

Wote watatu walijua hesabu ya kweli. Ishirini.

Miaka arobaini na minne nyuma, katika ukumbi huo huo, Genpachi alimlaza Tokunaga chini na kuuchukua mkanda. Akakaa nao siku arobaini na moja. Kisha akagombana na mwenye kampuni ya mieleka, akapindua meza ya chakula, akaondoka. Kampuni ikang'oa kibati chenye jina lake nyuma ya mkanda. Kwenye vitabu wakaandika kwamba Tokunaga alitawala bila kukatika.

"Wamenikana," Mzee alisema. "Basi wasiwe na cha kuonyesha. Tunauchukua. Nitazikwa nao."

Nagisa alifuata na ratiba ya saa. Yeye atakuwa msichana wa maua, yule anayewapa wapiganaji mashada kabla ya pambano. Nafasi hiyo aliipata kwa barua nzuri na picha ya uongo kidogo. Mzee ataingia na sanduku la kupelekea chakula, bakuli moja la udon kwa Mwenyekiti. Mkanda utaingia kwenye sanduku la udon. Donge la unga, kilo saba kamili, litaingia kwenye sanduku la mkanda.

"Saa tisa na dakika kumi Mwenyekiti anasoma historia ya ubingwa ulingoni," alisema. "Halafu wimbo wa taifa. Mpaka wimbo uishe, hakuna anayeruhusiwa kugusa kile kitambaa. Wakifunua, sisi tuko njia ya darajani."

Daigo alikuwa anajikuna. Miaka kumi na sita nyuma alikuwa mwanafunzi wa kampuni hiyo, akatoroka kambini akiacha sufuria la supu jikoni.

"Kaka Kurata, yule mkubwa wetu wa kambini, bado yupo?"

"Kastaafu," Nagisa alisema haraka.

"Una hakika, binti?"

"Kastaafu, anafuga kuku."

SAA 8:20 MCHANA

Lori lilisimama nyuma ya ukumbi. Watu elfu mbili na mia tatu walikuwa ndani. Kila mtu alipoangushwa ulingoni, ukuta ulitetemeka.

Daigo alivaa fulana ya kampuni. Ilimbana. Jasho lilishachora ramani nyingine mgongoni.

"Tukikamatwa mimi sisemi kitu," alisema.

"Wewe ukikamatwa utasema hata ambayo hukuulizwa," Mzee alimjibu. "Kwa hiyo usikamatwe."

Nagisa alishuka kwanza. Alivaa kimono ya buluu, mikono mipana hadi magotini. Ndani ya mkono wa kushoto kulikuwa na kitu. Wenzake hawakukiona. Msimulizi wenu hakuulizwa.

SAA 9:01

Mwenyekiti Tokunaga alitoka chumbani kwake kwenda kusalimia wageni wa mstari wa mbele. Mzee mrefu, suti nyeusi, fimbo. Mlangoni alibaki mwanafunzi mmoja mwenye kipara, amesimama wima.

Daigo alimjia kwa kishindo.

"Wewe! Barafu iko wapi? Kaka Kurata anataka barafu!"

Yule kijana hakuuliza barafu ya nini. Kule jina la mkubwa likitajwa, miguu hutangulia akili. Akatimka.

Njia ikawa nyeupe.

SAA 9:03

Genpachi aliweka sanduku la udon chini. Akafungua fundo la kitambaa. Mkanda ulilala kwenye kitandiko chake cha pamba, sahani ya dhahabu mbele, ngozi iliyochoka nyuma.

Akaugeuza.

"Babu, hatuna muda."

Hakusikia. Kidole chake kilipita kwenye vibati vidogo, jina baada ya jina. Wa tano: Tokunaga Shigeru. Baada yake, matundu mawili ya skrubu. Matupu. Mzee aliingiza kucha kwenye tundu moja, akaiacha humo.

"Babu!"

Alizinduka. Mkanda ukaingia chini ya bakuli. Donge likaingia sandukuni. Alifunga fundo lile lile, kwa vidole vile vile vya kufungia vifurushi vya tambi.

"Twende."

"Tangulieni. Nachukua maua."

Daigo alimtazama Nagisa. Maua yalikuwa tayari mkononi.

"Unafanya nini, wewe?"

"Kazi yangu. Nenda!"

SAA 9:07

Korido. Hatua sitini hadi mlango wa nyuma. Mzee mbele na sanduku la udon, Daigo nyuma yake. Hatua ishirini. Thelathini.

Kwenye kona alitokea mtu mfupi, mnene, fuko la barafu mkononi, uso wa mtu anayetaka maelezo.

Daigo akaganda.

Kisha akafanya jambo ambalo jambazi wa nchi nyingine yoyote asingelifanya. Alibana visigino, akainama mpaka kichwa kikalingana na mkanda wa suruali, akapiga kelele:

"POLE NA KAZI, KAKA KURATA!"

Ukumbi mzima ungeweza kuitikia.

"Tembea, mjinga," Mzee alinong'ona.

Daigo hakuweza. Kambini alifundishwa mwaka mzima, kwa fimbo ya mianzi, kwamba ukimkuta mkubwa unainama, na ukishainama huinuki mpaka uambiwe. Alitoroka kambi. Fundisho lilimfuata mpaka kwenye lori.

Kurata alimzunguka polepole.

"Inua uso."

"Ndiyo, Kaka!"

"Daigo?"

"Ndiyo, Kaka!"

"Wewe si ndiye uliyetuachia supu motoni?"

"Ndiyo, Kaka. Iliungua, Kaka?"

"Wanaume kumi na wanne walikula wali mkavu. Miaka kumi na sita nakutafuta nikuulize. Uliweka chumvi au hukuweka?"

"Sikuweka, Kaka."

"Nilijua." Kurata aliinua fuko la barafu. Sauti ikashuka. "Na nani amesema mimi nimeomba hii?"

Jasho lilidondoka sakafuni kutoka pua ya Daigo. Tone. Tone.

"Ulisema kastaafu," Daigo alilia, akimwambia mtu ambaye hakuwepo. "Ulisema anafuga kuku!"

Kurata aligeukia sanduku la udon. Akanyoosha mkono.

SAA 9:11

Vipaza sauti vya korido vilikohoa. Sauti ya Tokunaga ikatoka, kavu, ya kizee, ikisoma. Mkono wa Kurata ukasimama hewani. Historia ya ubingwa ikisomwa, watu wa kampuni ile husimama walipo.

Bingwa wa kwanza. Wa pili. Wa tatu, aliyefia hospitali akiwa bado bingwa. Wa nne.

"Bingwa wa tano, Tokunaga Shigeru. Ambaye…"

Sauti ikakatika.

Sekunde moja. Mbili. Ukumbini mtu alikohoa. Tatu. Nne.

"Ambaye alishindwa katika ukumbi huu," sauti iliendelea, taratibu sasa, "na Iwamuro Genpachi. Dakika kumi na tisa na sekunde nane. Iwamuro, bingwa wa sita. Alikaa na mkanda siku arobaini na moja."

Genpachi aliegemea ukuta. Mdomo ulifunguka, meno yakacheza. Miaka arobaini na minne hakulisikia jina lake likitoka kwenye kipaza sauti.

"Mzee," Daigo alisema, bado ameinama. "Wamekusoma."

Mzee alifunga macho. Alipoyafungua, kulikuwa na hofu.

"Donge," alisema.

"Nini?"

"Wimbo ukiisha wanafunua kitambaa. Jina langu halijapoa masikioni, halafu watu elfu mbili wanaona unga wa udon. Nani anauza udon mji huu? Watasema ndiyo maana alifutwa. Mwizi."

Aliinua sanduku. Akageuka alikotoka.

"Lori liko huku!"

"Bingwa hurudisha mkanda kabla ya pambano. Hukufundishwa?"

"Alifundishwa," Kurata alisema, akimpisha mzee njia. "Akatoroka."

SAA 9:14

Wimbo wa taifa ulikuwa kwenye mistari ya mwisho. Ukumbi mzima ulikuwa umesimama. Katikati ya viti akapita mzee wa aproni yenye unga, sanduku la udon mkononi. Walinzi wawili walimsogelea. Wakaona yale masikio. Wakasita.

Alifika kando ya ulingo. Akafungua mlango wa sanduku, akaliweka bakuli chini kwa adabu, mchuzi haukumwagika. Kisha akatoa mkanda. Akaushika kwa mikono miwili. Akauinua mbele ya Tokunaga.

Wimbo uliisha.

Tokunaga alitazama mkanda. Akatazama kitambaa cha zambarau kando ya meza, na umbo la kitu kilichokuwa chini yake.

"Kuna nini humo, Gen?" aliuliza bila kusogeza midomo.

"Unga."

"Wa leo?"

"Wa alfajiri."

Mwenyekiti aliupokea mkanda. Akainama. Akauinua juu uonekane pande zote nne. Makofi yalianzia viti vya juu, kwa wazee, yakateremka. Kwa mguu wake Tokunaga alilisukuma sanduku la donge chini ya meza.

SAA 10:20

Chumbani kwa Mwenyekiti walipiga magoti watatu. Kurata alisimama mlangoni, na korido ilikuwa na polisi mmoja aliyekuja kwa ajili ya foleni ya magari. Neno moja lingetosha.

"Nikimwita yule," Tokunaga alisema, "nitaeleza pia kwamba nimesoma karatasi ya kughushi mbele ya ukumbi mzima. Kwa hiyo hakuna kilichoibwa. Bingwa wa zamani amerudisha mkanda."

"Ungeweza kuliruka jina langu," Genpachi alisema.

"Ningeweza. Nilifikiria." Alilaza fimbo mapajani. "Sekunde nne ni nyingi, Gen." Kisha akaitandaza karatasi mezani. "Lakini nani ameandika hii?"

"Mimi," Mzee alisema.

"Mimi!" Daigo alisema, ambaye hukosea hata jina la mtaa wake.

"Mwandishi ameweka dakika kumi na tisa na sekunde nane. Zilikuwa kumi na tisa na kumi na nane. Najua, nilikuwa chini naangalia saa ya ukutani. Gen alianza kupunguza sekunde kumi usiku ule ule, baani. Aliyeandika hakuwepo. Amesimuliwa na Gen, mara nyingi, tangu akiwa mdogo."

Vichwa vyote viligeukia kimono ya buluu. Kwenye mkono wa kushoto, ncha ya karatasi halisi ilikuwa imechungulia.

Basi. Msimulizi wenu amekamatwa. Yule Nagisa ni mimi. Niliwaambia sina undugu na yeyote na sikugusa kitu. Niligusa kila kitu. Karatasi niliiandika bwenini, zamu ya kujisomea hesabu, nikaibadilisha na ile ya mezani kwa Mwenyekiti wenzangu walipotangulia. Kurata nilijua yupo. Ningesema ukweli, Daigo asingekuja. Na lile la donge, naapa, sikulifikiria. Nilitaka Babu aibe mkanda na nilitaka jina lake lisomwe, na haikunipitia akilini kwamba nimempakulia heshima na aibu kwenye sahani moja.

"Ungeniambia," Babu alisema.

"Ungekataa."

"Ningekataa."

Mwenyekiti alinisogezea kalamu. Karatasi hiyo, alisema, inakwenda Tokyo, na ukuta utaandikwa kama ilivyo. Ila kwanza nirekebishe.

"Kumi na nane," alisema Tokunaga.

"Nane!" alisema Babu. "Wewe ulikuwa umezimia!"

Wazee wawili walinitazama. Nikaandika kumi na nane. Hayo yalikuwa Jumapili. Leo ni Alhamisi, na Babu bado hasemi na mimi.