Tangi Lililong'aa Kupita Kiasi

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Chiriku alikuwa na kazi mbili. Ya kwanza ilikuwa kumsaidia mama yake kuloweka nguo. Mama alikuwa dobi, na kamba za uani kwao hazikukosa mashuka ya watu. Kazi ya pili ilikuwa kulisha samaki wa mjomba.

Jina hilo la Chiriku alipewa na mjomba huyo huyo, kwa sababu binti huyo alikuwa haishi maneno. Mjomba, kaka yake mama, alikuwa fundi friji na alikaa chumba cha uani. Juu ya meza yake palikuwa na tangi la kioo lenye samaki waitwao gobi. Gobi ni samaki mdogo, hata urefu wa kidole hafiki. Hana mambo ya kuogelea huku na huko. Hukaa chini juu ya mawe, amejishikiza kwa mapezi ya tumboni, akikutazama kwa macho yaliyotokeza juu ya kichwa. Dume mmoja Chiriku alimwita Bawabu, kwa kuwa alishinda mlangoni mwa gamba tupu la konokono akilinda mayai yaliyobandikwa ndani. Aliyapepea kwa mapezi yake mchana kutwa, na samaki yeyote aliyesogea alifukuzwa kwa ukali usiolingana na mwili ule.

Mjomba alipopata kazi mji wa mbali, alimkabidhi Chiriku tangi lake.

"Chakula kidogo tu, kama chumvi unayoshika kwa ncha za vidole," alimwambia. "Jambo jingine lolote, niulize kwanza. Mdomo unao, mpwa wangu, na simu ipo."

"Usiwe na wasiwasi, mjomba. Ukirudi utakuta Bawabu ameshaitwa baba."

Mambo yalikwenda vizuri mpaka mwanafunzi mwenzake alipokuja kuwatazama samaki hao. Alisogeza pua kwenye tangi, akakunja uso.

"Hee! Si nyinyi mnaofua nguo za mtaa mzima? Mbona samaki wenu mmewatupa kwenye uchafu?"

Ni kweli mawe yalikuwa na utando wa kijani, na sifongo ya pampu ya kuchuja maji ilikuwa nyeusi tii. Chiriku aliona aibu hadi masikio yakawaka moto. Mgeni alipoondoka tu, alichukua beseni, brashi na sabuni.

Mama alipomkuta hakumkataza. Alikunja mikono ya gauni lake. "Kumbe una macho, mwanangu! Kaka yangu fundi, lakini usafi umempita kando. Lete hiyo sifongo."

Mama hakuwa amewahi kushindwa na doa. Aliiloweka sifongo katika dawa ya kung'arishia mashuka hadi ikawa nyeupe. Chiriku alisugua mawe, akayasuuza na kuyasuuza tena. Samaki wakingoja ndani ya ndoo, maji yote ya zamani yalimwagwa mtaroni, wakajaza mengine moja kwa moja kutoka bombani. Gamba la Bawabu walilirudisha na mayai yake, nalo limepigwa brashi kwa nje. Tangi likameremeta.

"Sasa hapa pamekuwa pa watu," alisema mama.

Jioni, samaki waliacha mawe yao. Walipanda kioo hadi karibu na juu, wakajishikiza hapo, vinywa wazi, mashavu yakipanuka na kusinyaa kwa haraka. Bawabu peke yake alibaki chini na mayai yake.

"Wamefurahia maji mapya," alisema mama. Chiriku alitamani sana kuamini.

Kesho yake mmoja alikuwa amekufa. Chiriku alidhani wengine wamedhoofika kwa njaa, akawaongezea chakula. Hawakukigusa. Kilioza chini, maji yakawa meupe kama yaliyolowekwa unga, na waliokufa wakaongezeka.

Mjomba alipiga simu. "Mpwa wangu, wanangu wa majini hawajambo?"

Chiriku alimtazama mama. Mama alilitazama shuka alilokuwa akikunja.

"Hawajambo, mjomba."

Simu ilipokatika alisema, "Mama, tungemwambia."

"Atatuona wajinga. Tungoje, pengine watazoea."

Wakangoja. Kila asubuhi Chiriku alitoa mwingine aliyegeuka tumbo juu, akamfukia nyuma ya mawe ya kufulia. Shuleni alikaa kimya, hata mwalimu akamuuliza kama anaumwa koo. Alijua kwamba anawaua na hakujua kwa nini, na hilo lilimtesa kuliko kitu chochote. Alipobaki Bawabu peke yake, alichukua simu bila kumwomba mama ruhusa.

"Mjomba, nilikudanganya. Wamekufa. Amebaki Bawabu tu."

Mjomba alikisia mara moja. "Mliosha nini?"

"Kila kitu."

"Ah, mama yangu we." Sauti yake haikuwa na hasira, na Chiriku akalia zaidi. "Ule utando na ule weusi wa sifongo vilikuwa makao ya bakteria wazuri. Ndio wanaokula uchafu wa samaki. Mkiwaua hao, samaki wanakunywa sumu yao wenyewe. Na maji ya bomba yana dawa ya kuua vijidudu. Ungeniambia siku ya kwanza, wengi wangepona. Sasa acha chakula. Chota maji kidogo, weka mengine yaliyolala wazi ndani ya ndoo hadi dawa ikatoka. Fanya hivyo kila siku."

Alifanya hivyo kila siku. Mjomba aliporudi, maji yalikuwa yameanza kutulia. Bawabu alikuwa hai, amekonda, rangi imemtoka. Mjomba aliinama akatazama ndani ya gamba. Mayai yote yalikuwa yameota ukungu mweupe.

"Haya hayataanguliwa tena," alisema.

Mama alisimama mlangoni, mikono yake ikinuka sabuni. "Kaka, usimlaumu mtoto. Mkubwa nilikuwa mimi. Mficha maradhi kifo humuumbua, nami nilijua, nikanyamaza kwa kuogopa kuonekana mjinga." Akamgeukia binti yake. "Sikia, mwanangu. Tuliwatendea samaki wema unaofaa mashuka. Kabla hujamsaidia kiumbe, uliza anaishije. Ukiharibu, sema siku hiyo hiyo, maana ukweli wa leo ni dawa, na wa kesho ni kilio tu."

Ndani ya tangi, Bawabu alikuwa bado mlangoni mwa gamba, akiyapepea mayai yaliyokufa.

Chiriku alinyoosha mkono ili aliondoe gamba lile, asiendelee kumwona akihangaika hivyo. Mkono ukasita juu ya maji.

"Mjomba, nilitoe?"

"Tulitoe kesho, yasije yakachafua maji," alisema mjomba. "Leo mwache nayo."

Chiriku akaurudisha mkono wake, akavuta kigoda, akakaa na Bawabu.