Mstari wa Kijivu

Wa kwanza kumwona alikuwa Meneja, na hata hakujua anachokiona.

“Huyu aliyetupa mgongo ni nani?” aliuliza, akigonga kioo cha kompyuta kwa kalamu. “Mtoe. Picha ya kampuni, watu watazame mbele.”

Msanii akainama. Ndivyo walivyomwita ofisini, kwa kuwa slaidi zote za mikutano ya kiwanda kile cha sabuni zilipita mkononi mwake, naye alikuwa na mkono kweli. Picha aliipiga mwenyewe: wafanyakazi wa zamu ya asubuhi wakicheka getini. Sasa nyuma yao alisimama mwanamume mrefu mwenye ovaroli, amewapa kisogo. Akamfuta. Ilikuwa kazi ndogo, lakini alipokuwa akiifanya alisikia harufu ya chuma cha moto kilichomwagiwa maji. Kisogo kile alikifahamu. Kilikuwa cha shemeji yake.

Shemeji alikuwa kaburini. Alikuwa mwendesha boila kiwandani hapo, na boila lilimpasukia kazini. Hakukuwa na mwili wa kuoshwa ipasavyo. Mjane wake, dada wa Msanii, akahamia kwa ndugu yake, na tangu hapo alimpikia, akampigia pasi nguo, na kila asubuhi akamsindikiza mlangoni: “Mungu akulipe, mdogo wangu. Umenisitiri.”

Dua ile ilimchoma Msanii kila ilipotamkwa, maana alikuwa na jambo lake moyoni.

Kabla ya ajali, fundi mkuu alileta grafu ya mgandamizo wa boila. Mstari ulipanda tu, haushuki. Alitaka wakubwa wauone ili wakubali boila lizimwe na kutengenezwa. Meneja akamwita Msanii pembeni.

“Wakubwa wanakuja kusikia habari za kupanua kiwanda. Grafu hiyo iweke, kesho wasije wakasema tulificha. Ila isipige kelele.”

Msanii alielewa. Alijua jicho la mtazamaji hukimbilia kilicho kikubwa, halafu rangi kali, halafu uso wa mtu anayecheka. Kwa elimu hiyo hiyo ya kumwonyesha mtu jambo, akalificha. Akajaza slaidi nyuso za furaha, akaandika mauzo kwa kijani kinene, na grafu akaibana pembeni chini, mstari wa kijivu juu ya weupe, mwembamba kama unywele. Wakubwa wakapiga makofi. Hata shemeji alimtania baadaye: “Nasikia slaidi zako zilikuwa moto, shemeji!” Wakacheka wote wawili.

Sasa mtu yule alirudi. Alimfuta kwenye picha ya getini, akamkuta kwenye picha nyingine, amesimama kati ya maboksi ya sabuni. Alimfuta hapo, akamkuta kwenye slaidi isiyo na picha yoyote, katikati ya nguzo za chati, mdogo kama sisimizi. Na kila alipotokea alikuwa amegeuka kidogo zaidi. Bega. Sikio. Ncha ya shavu.

Nyumbani nako, vioo vya madirisha vilianza kutoka jasho mchana wa jua kali. Siku moja ya mapumziko alisikia dada akinong’ona chumbani, kwa ile sauti ya mke na mumewe.

“Unaongea na nani, dada?”

“Na nafsi yangu,” dada alijibu haraka. Alikuwa akitabasamu.

Kisha ukaja mkutano wa robo mwaka. Mapazia yalifungwa, projekta ikawashwa, Meneja akaanza kueleza, na Msanii, aliyekaa nyuma akibonyeza slaidi, akaona mvuke ukitambaa chini ya ukuta, ukapita kati ya viatu vya watu ambao hawakushtuka wala kukohoa, ukapanda hadi kwenye turubai jeupe la kuonyeshea slaidi, na ndani ya turubai mtu yule hakuwa mdogo tena, alijaa kutoka sakafuni hadi darini, akigeuka polepole, shingo ikilia kama bomba linalobanwa, akageuka mpaka uso ukawa wazi, na uso wenyewe ulikuwa mweupe mtupu, hauna jicho wala mdomo, kama slaidi ambayo bado haijaandikwa kitu.

Msanii alizirai.

Alipopata nguvu alikwenda kwa mganga mmoja, mama wa makamo aliyesifika kwa kutoa majini. Mganga alimsikiliza bila kumkatiza, kisha akanusa hewa.

“Huyu si marehemu,” alisema taratibu. “Wafu wana shughuli zao. Huyu ni jini, na majini hupenda mahali palipofichwa. Wewe umemjengea nyumba, naye akavaa umbo la yule unayeogopa kumtazama.”

“Nitolee basi, mama. Nihurumie.”

“Mimi nitafukiza, lakini nyumba uivunje mwenyewe. Ulichokificha kionyeshe mbele ya wale wale. Halafu yule unayemwogopa kuliko wote, umwambie kwa mdomo wako.”

Wakubwa walipokutana tena, Msanii aliweka slaidi moja tu. Hapakuwa na nyuso wala kijani. Mstari mwekundu, mnene, ukipanda kutoka kona hadi kona, na chini yake maneno machache: *Tulijua. Niliuficha mimi.*

“Zima hiyo!” Meneja alifoka. Hakuna aliyezima. Chumba kikajaa harufu ya chuma, turubai likavimba kama tumbo la mtu anayevuta pumzi, ukasikika mlio mrefu wa mvuke, kisha kimya. Mkubwa mmoja mzee alivua miwani, akaifuta, akaivaa, akautazama ule mstari.

“Kumbe ulikuwepo,” alisema.

Msanii aliondoka bila kungoja kufukuzwa. Njiani alijisikia mwepesi hadi akaona aibu. Bado neno moja, la dada.

Alimkuta mezani, analia, mbele yake vikombe viwili vya chai.

“Ameondoka,” dada alisema. “Alikuwa amekaa hapo, ananisikiliza. Amekatika kama mshumaa.”

“Nani, dada?” Alijua.

“Mume wangu. Amekuwa akija kila siku. Sikukwambia, nilihofia utaita watu wamtoe.”

“Yule hakuwa yeye, dada. Alikuwa jini.”

“Alikuwa na uso wake!”

Msanii akapiga magoti. Akamweleza yote, grafu, Meneja, mstari wa kijivu, na slaidi ya asubuhi ile iliyomfukuza jini. Dada hakupiga kelele. Alisikiliza mpaka mwisho, akamimina chai ya kikombe cha pili kwenye sinki, akakiosha, akakikausha.

“Kwa hiyo umeniulia mume mara mbili,” alisema. “Ile ya kwanza sikujua kuwa ni wewe.”