Tangi Lisilo na Samaki

Mshonaji aliishi na mdogo wake katika nyumba ya vyumba viwili. Wazazi wao walikuwa wamefariki zamani, wakabaki wao wawili. Mshonaji alishona sare za shule. Mdogo wake alikata nyuzi, alibandika vifungo, na zaidi ya yote alizungumza. Alianza kwenye chai ya asubuhi, akamaliza taa ilipozimwa. Ndiyo maana watu walimwita Chiriku.

Kisha Chiriku akaolewa. Mume wake alikuwa amepata kazi mji mwingine, safari ya siku nzima kwa basi. Siku ya kuondoka alilia mlangoni.

"Dada, sasa utakula na nani?"

"Nitakula na mdomo wangu," Mshonaji akamjibu.

Wakacheka. Basi likaondoka.

Baada ya hapo nyumba ilitulia kama maji mtungini. Mshonaji alishona, akapika kidogo, akaosha sahani moja. Mara nyingine aligeuka kusema neno, akakuta kiti kitupu. Redio aliichoka. Jioni Chiriku alipopiga simu, alijibiwa jambo lilelile: "Mimi sina neno. Kazi nyingi tu."

Siku moja Mshonaji alikwenda kununua vifungo. Kando ya duka la vifungo, kwa muuzaji wa samaki wa mapambo, aliona tangi la kioo. Samaki wadogo wenye mikia ya rangi waliogelea katikati ya majani mabichi. Alisimama pale hata akasahau vifungo.

"Hawa wanataka nini?" alimwuliza muuzaji.

"Maji na chakula. Samaki ana makuu gani, mama?"

Siku hiyohiyo alinunua tangi, mchanga, taa, chujio dogo la umeme, mimea na samaki sita. Nyumbani aliosha kila kitu kwa sabuni. Akajaza maji ya bomba, akachomeka mimea, akawatia samaki. Tangi alikuwa ameliweka dirishani lipate jua. Kisha akampigia Chiriku.

"Nimepata wageni sita!"

Kesho yake samaki wawili walikuwa juu ya maji, wakihema. Mshonaji alidhani wana njaa, akaongeza chakula. Siku ya tatu maji yalifanya ukungu. Siku ya tano alibaki samaki mmoja. Siku ya sita hakubaki hata mmoja.

"Wageni hawajambo?" Chiriku aliuliza kwenye simu.

"Hawajambo wote."

Alipokata simu, Mshonaji aliketi mbele ya tangi akalia. Aliona haya. Mtu mzima, analilia samaki! Lakini moyoni alijua kwamba hakuwa akiwalilia samaki tu.

Asubuhi alianza kuchota maji ya tangi kwa kopo na kuyamwaga nje. Jirani wa mlango wa pili alikuwa akirudi kutoka zamu ya usiku. Jirani huyu alikuwa mwanamke mwenye miwani. Kazi yake ilikuwa kupima maji katika kituo cha kusafishia maji ya mji.

"Jirani, maji yamekukosea nini?"

"Yameua samaki wangu sita. Sijui nina mkosi gani."

"Hebu nione." Mpima maji akaingia, akalitazama tangi. "Samaki uliwatia siku gani?"

"Siku niliyoleta tangi."

"Basi huna mkosi. Uliwakaribisha wageni sita katika nyumba isiyo na choo."

Mshonaji alicheka bila kutaka. Ilikuwa mara ya kwanza wiki ile.

"Sikiliza," mpima maji akaendelea. "Maji ya bomba tunayatia klorini. Inaua vijidudu ili wewe usiugue. Lakini inachoma matamvua, pale samaki anapopumulia."

"Kumbe nyinyi ndio wauaji!"

"Sisi nusu, wewe nusu. Samaki anajisaidia humohumo anamoishi. Uchafu wake, na chakula kinachooza, hutoa sumu iitwayo amonia. Huioni kwa macho. Maji yanaweza kung'aa na bado yakaua."

"Sasa samaki wa muuzaji wanaishije?"

"Tangi lake ni la siku nyingi. Lina bakteria wazuri. Wa kwanza hula amonia na kuigeuza nitriti, ambayo nayo ni sumu. Wa pili huigeuza nitriti kuwa kitu chenye madhara kidogo. Mimea hukitumia kama mbolea."

"Hao bakteria wanauzwa wapi?"

"Huja wenyewe. Hukaa kwenye mchanga na kwenye sponji ya chujio. Wanataka muda tu. Wiki nne, sita, pengine nane."

"Wiki zote hizo nitazame tangi tupu?"

"Utatazama mimea."

Mshonaji akashusha pumzi. "Nimetarizi 'Subira huvuta heri' kwenye vitambaa mia na zaidi. Sikujua siku moja nitaambiwa mimi."

Jumamosi walianza upya pamoja. Waliosha mchanga kwa maji matupu mpaka yakatoka safi. Sabuni hawakuigusa, kwa sababu mabaki yake hudhuru samaki. Tangi waliliweka juu ya meza imara, mbali na dirisha. "Jua kali huleta mwani, ule utando wa kijani," mpima maji alisema. "Taa yako inatosha. Iwashe saa nane tu kwa siku." Katika maji ya bomba alitia matone ya dawa ya kuondoa klorini, kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa.

Mmea mmoja ulikuwa na shina nene lililolala.

Mpima maji akaushika. "Huu usiuzike mchangani, shina litaoza. Ufunge kwenye jiwe. Lakini mimi mafundo yananishinda."

Mshonaji alichukua uzi, akazungusha mara tatu, akakaza, akakata kwa meno. Mmea haukutikisika.

"Hapo nimepata mwalimu," mpima maji akasema.

Kisha akarudi kwake, na kimya nacho kikarudi.

Kila baada ya siku moja Mshonaji alitia chembe chache za chakula ndani ya maji ili zioze na bakteria wapate cha kula. Alijiona kama mtu anayempakulia chakula mgeni asiyekuja. Majani kadhaa yakawa ya njano. Alipomwona mpima maji nje, alimweleza kwa wasiwasi.

"Mmea ukihamishwa huangusha majani ya zamani. Yakate, yasioze humo. Wewe tazama machipukizi."

Wiki ya nne aliona jani jipya, dogo kuliko kifungo cha shati. Aligeuka kumwita mtu. Hakuwapo mtu. Akachukua simu.

"Chiriku, nilikudanganya. Samaki walikufa. Wote."

Chiriku akashusha sauti. Hilo lilikuwa jambo geni.

"Mbona hukuniambia, Dada?"

"Una nyumba yako mpya. Sikutaka kukutwisha mzigo. Nyumba hii imenizidi, mdogo wangu. Nazungumza na cherehani."

"Na mimi nilikudanganya," Chiriku akasema taratibu. "Nilikwambia nakula na mume wangu. Yeye yuko kazini kutwa nzima na jioni yote. Huku simjui mtu. Nakula nimesimama jikoni."

Walilia wote wawili, kila mmoja kwake. Kisha Chiriku akapenga kamasi. "Haya, ndani ya tangi kuna nini sasa?"

"Jani jipya."

"Likoje? Niambie lote."

Tangu siku ile hawakuambiana tena "sina neno" kama neno lilikuwapo.

Wiki ya saba mpima maji alichovya kijikaratasi cha kupimia. Akapima tena siku ya pili. "Amonia hakuna. Nitriti hakuna. Lete samaki watatu. Watatu tu, jirani!"

Mshonaji aliuacha mfuko wa samaki uelee juu ya maji kwa dakika ishirini, akiongeza maji ya tangi kidogo kidogo, ndipo akawatia. Aliwapa chakula cha kumalizika kwa dakika mbili, si zaidi. Kila wiki alitoa robo ya maji na kuweka mengine yaliyotiwa dawa. Sponji aliikamulia ndani ya maji aliyoyatoa, kwa sababu maji ya bomba yangewaua bakteria wake.

Miezi mitatu ikapita. Samaki wote watatu walikuwa hai, akaongeza wengine watatu. Mimea ilijaa hata ikabidi ipunguzwe. Mshonaji alikata kipande kimoja, akakifunga kwa kitambaa kibichi ndani ya mfuko, akakituma kwa basi la asubuhi.

Wiki iliyofuata Chiriku alipiga simu.

"Dada, nimekifunga kwenye jiwe. Fundo langu baya, lakini limeshika."

"Umeketi wapi?"

"Mbele ya tangi langu jipya. Maji, mchanga na jani lako. Hakuna kinachotikisika."

"Na mimi nimeketi mbele ya langu. Usikate simu."

"Nizungumze nini?"

"Usizungumze. Tutazame."