Saa Zilipoanza Tena Kunong'ona

Chumba cha mbele kilijaa saa. Zilikuwa ukutani, mezani, hata juu ya kabati, kila moja na mwendo wake. Mama alizoea kusinzia katikati ya sauti hizo kama mtoto anayebembelezwa.

Mwanawe ndiye aliyekuwa fundi. Zamani, kabla hajaanza dawa, saa zilikuwa zikimsemesha na kumtukana. Dawa ilizinyamazisha, zikabaki kulia tiki-taka tu, na Mama hakuwa na furaha kubwa kuliko hiyo. Ila ilikuwa na sharti: damu ipimwe mara kwa mara, maana dawa hiyo inaweza kupunguza chembe nyeupe, zile zinazolinda mwili.

Mafua yakaingia nyumbani. Yalianza kwa Mama, yakamhamia Fundi. Alipopimwa damu, chembe nyeupe zilikuwa zimeshuka. Daktari akasema arudi kupimwa tena.

Mama hakungoja. Katika nyumba ile, saa ikienda kombo husimamishwa kwanza. Basi akasimamisha dawa. Alivificha vidonge ndani ya saa mbovu ya ukutani, akasema vimekwisha.

Jioni ya kwanza ikapita bila kidonge, na ya pili. Asubuhi akamkuta Fundi ameegemeza sikio mezani.

"Mama, zimeanza kunong'ona," alisema polepole.

Mama akatoka mbio. Alimwita jirani yao, muuguzi wa kliniki, akamfungulia ile saa.

"Nilitaka kuokoa damu yake," Mama akamwambia muuguzi.

"Najua, Mama. Lakini chembe zikishuka, mkosaji si dawa kila mara. Virusi vya mafua navyo huweza kuzishusha kwa muda, hata kwa mtu asiyemeza kidonge chochote. Ndiyo maana hupimwa tena."

"Na kama ni dawa?"

"Daktari ataisimamisha mwenyewe, na atajua la kufanya. Wewe ukiisimamisha, ugonjwa wa zamani unarudi. Sasa zimepita zaidi ya siku mbili tangu alipomeza cha mwisho, kwa hiyo asimeze hata kimoja mpaka daktari aseme. Ataanzishwa upya, kidogo kidogo. Na siku nyingine akipata homa au koo likimuuma, msilale nayo. Njooni siku hiyo hiyo."

Fundi akatabasamu kwa uchovu. "Mama, mimi si saa."

"Ungekuwa saa ningekuweza," Mama akajibu, machozi yakimtoka.

Wakaondoka wote watatu kwenda kliniki. Mafua yalipokwisha, chembe nyeupe zikapanda, kipimo baada ya kipimo. Daktari akairudisha dawa taratibu, na Mama akawa anamletea maji ya kuimezea.

Alasiri moja Mama alizinduka kitini. Chumba kizima kilikuwa kikilia tiki-taka. Hata ile saa mbovu ilikuwa inatembea. Fundi alikuwa ameitengeneza.

"Zinasemaje?" Mama aliuliza, kwa woga kidogo.

Fundi akainua kichwa, akasikiliza.

"Zinasema saa tisa, Mama."