Rasimu za Cadette

Kila Jumatatu asubuhi Cadette alisoma karatasi iliyobandikwa mlangoni mwa darasa lao, huko Kasongo. Kozi ya uandishi ilikuwa na masharti: mwanafunzi aandike jambo aliloliona mwenyewe, na pamoja na kazi safi alete rasimu mbili. Asiyetimiza hayo hataingia mtihani.

Cadette hakuona la kuandika. Akafungua sanduku la marehemu kaka yake, Yves, aliyefukiwa na udongo katika shimo la dhahabu huko Lusangi. Alikuta humo kazi yake ya shule kuhusu kuvuka mto Lualaba kwa mtumbwi, pale Nyangwe. Akainakili yote. Kisha akatengeneza rasimu za uongo: aliandika maneno mabaya kwa makusudi, akayakata, akaweka mazuri ya Yves.

Jioni aliisoma kwa sauti. Uani, mama yake alikuwa akitwanga sombe, majani ya muhogo ya mboga. Mchi ukanyamaza.

“Nani anasoma?”

“Ni mimi, Mama.”

“Hapana. Anayesema hivyo ni Yves.”

Mama hakutwanga tena. Usiku huo Cadette alitazama daftari lake, akaona hata mwandiko wake umeanza kulala upande, kama wa Yves.

Darasani, Plamedi, jirani yake wa dawati, alichungulia. “We mutoto! Unaogopa hata maji ya kisima, leo umevuka Lualaba?”

“Nyamaza, wewe!”

Mwalimu wao, Madame Dorothée, alisoma rasimu hizo, akamwita Cadette mezani. “Makosa yako yote yamekaa mahali penye nafasi ya kusahihisha. Anayetafuta neno kweli hakosei kwa mpango. Hii iko kazi ya nani?”

“Ya Yves, Madame. Mimi sijaona kitu.”

“Nyumbani kuna nini?”

“Hakuna. Tuko wawili, lakini Mama bado anapakua sahani tatu. Ile ya tatu hakuna anayeigusa.”

Madame Dorothée alimrudishia karatasi zake. “Basi umeona. Andika hiyo. Una siku tano.”

Rasimu ya kwanza ilijaa maneno yaliyokatwa, na ukurasa mmoja ulichanika. Ya pili ilisomeka, akainakili kuwa kazi safi. Ijumaa, jina la Cadette liliingia katika orodha ya mtihani.

“Yves alivuka mto ule mwenyewe,” Madame Dorothée alimwambia. “Ulipoweka jina lako juu ya safari yake, ulimnyang’anya. Andika ulichokiona wewe, hata kikiwa kidogo. Ukiulizwa juu yake, utakuwa na jibu.”