Doa la Manjano Begani mwa Mke Wangu

—Domitila, hilo doa la begani umelitoa wapi?

Mke wangu aligeuza shingo kutazama blauzi yake nyeupe. Ndiyo kwanza alikuwa ameshuka kwenye bodaboda.

—Manjano hayo, Amedeus. Tulikuwa tunapika pilau kwa Bernadeta.

—Bernadeta nimemwona sokoni mchana kutwa. Pilau alipika nani?

—Kwani hapa ni polisi?

Nilimsogelea, nikanusa. Hakukuwa na harufu ya manjano ya pilau. Palikuwa na utamu ninaoujua kuliko mtu yeyote hapa Kibaoni: nyinyoro, yale maua meupe ambayo majirani huyaita malili. Ninayo matuta manne nyuma ya nyumba. Kila asubuhi, ua likifunguka tu, nayachuma kwa vidole yale machembe ya unga wa manjano yaliyo katikati yake, maana unga ule ukigusa nguo hautoki. Miaka kumi na mmoja sasa, hakuna ua langu lililomchafua mtu.

Basi mke wangu alikuwa ameegemea maua ya nani?

Asubuhi nilikwenda kwenye tuta la mwisho. Palikuwa na mapengo sita, nami siku zote nilidhani mbegu zimeoza kwa mvua. Nikafukua. Mbegu zake hufanana na vitunguu, na kitunguu kikioza huacha ganda. Sikukuta hata ganda.

—Nani amechimba hapa?

—Panya buku.

—Panya anayechagua zilizonona tu?

Alicheka.

—Ungeajiriwa upelelezi, mzee wewe. Njoo, chai inapoa.

Alicheka, lakini hakunitazama usoni.

Alhamisi, akiwa anaoga, ujumbe uliingia kwenye simu yake. Sijawahi kusoma simu ya mke wangu. Siku ile nilisoma. Namba haikuwa na jina.

"Mawili yamefunguka leo. Njoo mapema. Mzee asijue."

Nikaipiga.

—Haloo? Umeshatoka?

Sauti ya kiume. Ya kijana! Nikakata. Miaka thelathini na minane ya ndoa.

Domitila akatoka amejifunga kitenge kipya.

—Nakwenda sala ya jumuiya.

—Jumuiya ni Jumamosi.

—Hii ni ya akina mama.

—Domitila, kama kuna mtu, niambie. Nitaumia, lakini nisikie kwako.

Alisimama mlangoni.

—Ningekuambia, Amedeus, kama ungekuwa mtu wa kuambiwa.

Zamani aliniita Baba Levina. Jina hilo nililipiga marufuku miaka miwili iliyopita, binti yetu alipoondoka na Obed, mtoto wa wafugaji ambao ng'ombe wao walimaliza mpunga wangu kule shambani Mchombe. Nilisema: "Levina asitajwe humu, na atakayemfuata asirudi."

Nilipanda bodaboda, nikamfuata kwa mbali. Nje kidogo ya mji, kwenye njia iendayo Mlimba, alishuka kwenye nyumba ya bati yenye zizi. Nikapita uzio wa minyaa. Harufu ilinipokea kabla ya mtu. Nyinyoro sita, juu ya tuta lililoshiba samadi, mashina yake manene kuliko yangu! Na hakuna ua lililotolewa unga.

Kijana akatokea na ndoo ya maziwa. Aliponiona, akaitua.

—Shikamoo, mzee.

Sauti ile ile ya kwenye simu. Obed.

—Marahaba. Mke wangu yuko wapi?

Domitila akatoka ndani amebeba mtoto wa kike wa mwaka hivi. Mtoto alikuwa amefumbata ua mkononi, na vidole vyake vya manjano vilikuwa vimeng'ang'ania bega la bibi yake. Nililiona doa likichorwa mbele ya macho yangu: vidole vinne vidogo.

Nyuma yao, Levina.

—Baba, mbegu niliziomba mimi. Usimfukuze mama. Nilitaka mtoto akue ananusa harufu ya kwetu.

—Anaitwa nani?

—Amedea, alijibu Domitila. Na usinitazame mimi. Jina alichagua Obed.

Niligeukia tuta.

—Maua haya yataharibu nguo za watu. Nani aliwafundisha kuacha unga?

—Mwalimu alitufukuza, alisema Levina.

Nilipiga magoti pale kwenye tuta, nikaanza kuchuma unga ua kwa ua.

—Obed, njoo uone. Shika hapa. Taratibu! Hii si kamba ya ng'ombe.

—Ndiyo, baba.

Sikumkataza neno hilo. Mtoto alitambaa hadi kwangu, akanipanda mgongoni.

Jioni, tulipofika nyumbani, Domitila alinishika shati.

—Baba Levina, hilo doa la begani umelitoa wapi?

Niliacha jina lile litulie masikioni.

—Manjano hayo, nikasema. Tulikuwa tunapika pilau.