Mke wa Njia ya Nne

Kibati namba kumi na saba hakikuwepo ubaoni.

Kibati chenyewe si kitu cha kumtoa mtu jasho. Ni kiduara cha shaba, ukubwa wa kiganja cha mtoto. Ukishuka mgodini unakitoa kwenye msumari wake, ukipanda unakirudisha. Msumari ukiwa mtupu, kuna mtu chini. Sasa namba kumi na saba ni ya mpima wa mgodi, na mpima alikuwa amesimama palepale mbele ya ubao, kikombe cha chai mkononi, na wiki nzima hakuwa ameshuka.

"Ubao unasema uko chini," mnyapara akamwambia.

"Uambie mimi huyu hapa, na kitambi changu."

"Sitanii, Bwana Futi. Siku ya tatu kutoka leo tunazima pampu. Ubao usipojaa, sizimi. Mimi sizamishi mtu."

Walimwita Bwana Futi kwa sababu ya futi ya kupimia isiyotoka kiunoni mwake. Ndiye aliyeandika mpango wa kuufunga mgodi ule ulioishiwa dhahabu: pampu zizimwe, maji yajae njia zote za chini, mdomo wa shimo ujazwe kifusi na kufunikwa zege, kisha urudishwe udongo mweusi uliowekwa kando tangu siku ya kwanza, juu yake zipandwe nyasi na miti. Sehemu ya nyasi na miti aliiandika mkewe, mkuza miche wa mgodi. Waligombana kila ukurasa na kulala marafiki.

Akachonga kibati kipya, akakitundika. Asubuhi yake msumari ulikuwa mtupu tena, na ubao ulinukia marashi.

Asubuhi hiyohiyo mkewe alikuta miche ya mstari wa mbele, ile iliyo karibu na shimo, imenyongwa. Haikukauka wala kuliwa na mbuzi. Kila mche ulikuwa na fundo shingoni, limefungwa kwa unywele mmoja mweusi, mrefu kumpita yeye mwenyewe. Akauviringisha mmoja kidoleni, akaenda nao ofisini.

"Baba watoto, huyu ni nani?"

"Nani tena?"

"Mwenye nywele hizi. Na marashi yaliyo kwenye shati lako tangu Jumatatu. Usinifanye mtoto."

"Mama watoto, kwa kitambi hiki, nani anitake?"

"Ndicho ninachojiuliza. Mimi nilikutaka kabla hakijatoka."

Simu ya ukutani ikalia. Ilikuwa simu ya njia ya nne, ambayo mpima mwenyewe alikuwa ameukata waya wake kwa koleo wiki iliyopita. Alibaki ameganda. Mkewe, kwa wivu, hakungoja, aliinyakua.

Kwanza alisikia matone ya maji, halafu pumzi za mtu, halafu sauti ya mwanamke, laini, isiyo na haraka, sauti ya mtu aliyesubiri mlangoni miaka mingi mpaka kusubiri kukawa ndiyo kazi yake:

"Mwambie mume wangu chakula kinapoa. Nawe mpanda majani, usinifunike."

Shangazi wa mke aliitwa mchana huohuo. Alikuwa fundi cherehani, na pembeni alijua kuzungumza na wasioonekana. Alifika na sindano zingali kwenye kola.

"Ulimwambia nini, mkwe?" akauliza kwa sauti ya chini.

"Utani tu, shangazi. Kila nikifika chini nilikuwa nasema, 'Mke wangu, nimerudi.' Wachimbaji wanacheka, kazi inaendelea."

"Miaka mingapi?"

"Ishirini na miwili."

"Na huyu mwanangu umemuoa lini?"

"Mwaka wa kumi na tisa huu."

Shangazi akamtazama mpwa wake kwa huruma. "Pole, mwanangu. Kumbe wewe ndiye mke mdogo."

Kisha akawaeleza, kwa kunong'ona, kwamba chini kule yuko asiyeonekana aliyeuchukua utani ule kuwa ndoa. Maji yakijaa kabla mpima hajatoa talaka, atazama pamoja naye popote atakapokuwa, hata kitandani kwake. Ashuke, amwache kwa mdomo wake mara tatu, arudishiwe vibati vyake. "Na usiongeze neno. Hata moja."

"Tunaenda wote," mkewe akasema. "Nataka nimwone."

Kesho yake saa nne asubuhi lifti iliwashusha hadi njia ya nne, ya chini kabisa. Mwanga wa juu ukawa kama sahani, kisha kama shilingi, kisha hakuna; na kadiri walivyoshuka ndivyo harufu ya marashi ilivyozidi kukolea juu ya harufu ya jiwe bichi, hata walipotoka na kuanza kutembea, wakihisi kitu laini kinawavutavuta visigino, hawakuthubutu kumulika chini, mpaka walipofika mahali palipofagiliwa vizuri, na pale vilikuwa vimepangwa kalamu, miwani, soksi moja, mwavuli, kila kitu ambacho mpima aliwahi kumlaumu mkewe kuwa amekipoteza, na nyuma ya vitu hivyo alikaa mwanamke aliyewapa mgongo, anachana nywele, na nywele hizo zilitandaa sakafuni, zikaja hadi kwao, zikawapita, zikarudi hadi kwenye lifti, maana ndizo walizokuwa wakizikanyaga muda wote.

"Nimekuacha," mpima akasema. Kitana kikasimama.

"Nimekuacha."

Ya tatu ikamkwama. Mkewe akamtazama, akaona macho yana machozi, na hilo lilimchoma kuliko nywele, marashi na simu kwa pamoja. Akamfinya ubavuni kwa nguvu zake zote.

"Nimekuacha!"

Vibati viwili vikabiringika gizani, vikagonga buti lake. Akaviokota. Wakageuka waondoke, na nyuma yao yule mwanamke akaanza kulia taratibu, bila hasira.

"Sawa," akasema. "Lakini kesho nyumba yangu unaijaza maji. Eda nikae wapi?"

Mpima alikuwa mtu aliyelelewa vizuri. Maisha yake yote, mgeni akisimama mlangoni, mdomo wake ulimkaribisha kabla ya kichwa kuuliza ni nani.

"Karibu nyumbani," akasema.

Mkewe hakumpiga. Alishindwa hata kuinua mkono.

Juu, mwendesha lifti alikuwa anajifuta jasho. "Mmeshuka wawili," akasema. "Mbona kamba imelia hivi kupanda?"

Siku iliyofuata ubao ulijaa, mnyapara akazima pampu, maji yakaanza kujaa njia za chini. Jioni jua likiwa bado linawaka, mume na mke walirudi nyumbani. Mke akafungua mlango. Marashi yakampokea. Akaweka mikono kiunoni kizingitini, sauti ikimtetemeka kwa woga na kwa wivu, asijue upi umetangulia.

"Sikiliza, wewe. Siku zako za eda nitazihesabu mimi. Utalala sebuleni, na mume wangu humgusi."

Ikaja sauti laini, kutoka ndani zaidi.

"Ingia tu, mwenzangu, utachoka kusimama. Chumbani nimeshatandika."